Anayemtunza Mgonjwa Aliyeletwa na Mahakama Naye Anahitaji Kutunzwa

Kesi ya mauaji inaposomwa mahakamani, wananchi hujaa, waandishi wa habari huandika na kila upande husubiri. Kisha hufika siku ambapo Mahakama, baada ya kuona dalili kwamba huenda mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda kitendo anachoshtakiwa nacho, huahirisha shauri na kuamuru apelekwe hospitali kuchunguzwa. Tangu siku hiyo habari hutoweka. Ndugu wa marehemu hurejea makwao, ndugu wa mshtakiwa nao hurejea makwao, na mlango wa wodi hufungwa.

Kinachoendelea nyuma ya mlango huo ndicho kitakachorudi mahakamani kama ushahidi. Kazi hiyo iko mikononi mwa wauguzi, madaktari bingwa wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia tiba, maafisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya na walinzi, ambao usiku na mchana humtibu mtu huyo, humlinda asijidhuru wala kudhuru wengine, na humtazama kwa niaba ya Mahakama. Ni kazi yenye gharama ya kisaikolojia ambayo mara nyingi haihesabiwi popote. Gharama hiyo haiishii kwa mtumishi mwenyewe. Hufika kwenye utoaji wa haki na kwenye usalama wa jamii, na kwa sababu hiyo inamhusu kila mwananchi.

Wajibu wa kisheria unaoanzia wodini

Kwa Tanzania Bara, jina linalojulikana zaidi katika huduma hizi ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, jijini Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, pamoja na Taasisi ya Isanga iliyo chini yake, inayohudumia watu wenye magonjwa ya akili walioingia katika mkono wa sheria.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa Mahakama mamlaka ya kuamuru mshtakiwa azuiliwe katika hospitali ya magonjwa ya akili kwa ajili ya uchunguzi wa kitabibu. Mganga anayesimamia hospitali hiyo anatakiwa, ndani ya siku 42 tangu mshtakiwa azuiliwe hapo, kuandaa na kuwasilisha mahakamani taarifa ya maandishi inayoeleza iwapo, kwa maoni yake, mshtakiwa alikuwa na ugonjwa wa akili wakati kitendo kilipotendwa, kiasi cha kutowajibika nacho. Mahakama ikiridhika kwamba alitenda kitendo hicho lakini hakuwa timamu, hutoa uamuzi maalumu kwamba hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Uamuzi huo haumaanishi kwamba anarudi nyumbani siku hiyo. Huwekwa chini ya uangalizi, na taarifa kuhusu hali yake hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana.

Siku 42 si nyingi. Baadhi ya watu hufika wakiwa hawasemi neno, wengine wakiwa wamechanganyikiwa kiasi cha kutojua walipo. Daktari bingwa humwona mgonjwa kwa saa chache katika kipindi hicho. Muuguzi huwa naye mchana na usiku. Je, mgonjwa huongea peke yake saa nane za usiku, wakati haoni mtu wa kumsikia? Je, hukataa chakula kwa kuhofia kuwekewa sumu? Je, dalili anazozionesha hujitokeza wakati wote, au pale tu daktari anapopita? Majibu ya maswali hayo hayapatikani katika mahojiano ya mara moja. Yamo katika daftari la makabidhiano ya zamu.

Muuguzi aliyetulia huandika alichokiona: maneno aliyoyasikia, saa, na namna mgonjwa alivyoitikia alipoitwa. Muuguzi aliyechoka, aliyemaliza zamu mbili mfululizo na ambaye juzi alipigwa kofi na mgonjwa mwingine, huandika neno moja, "ametulia", na kufunga ukurasa. Neno hilo si la uongo. Hata hivyo, halimsaidii daktari kuandika taarifa, wala halimsaidii hakimu au jaji kutofautisha mtu mgonjwa na mtu anayejifanya mgonjwa. Hapo ndipo hali ya nafsi ya mtumishi inapokutana na haki ya mshtakiwa na haki ya familia iliyofiwa.

Mzigo wenye sura nyingi

Sura ya kwanza ya mzigo huu ni kutumikia mabwana wawili. Katika wodi ya kawaida, mgonjwa humweleza muuguzi siri zake akiamini kwamba zitatumika kumponya. Katika huduma za kimahakama, mgonjwa huyo huyo anajua, au anapaswa kuelezwa, kwamba sehemu ya anayoyasema inaweza kufika mbele ya hakimu. Mtumishi hubeba funguo mfukoni na dawa mkononi. Asubuhi anamsihi mgonjwa amwamini. Mchana anamkagua mwili na godoro. Kugeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine mara nyingi kwa siku, kila siku, kunachosha akili zaidi ya kazi nzito ya mikono.

Sura ya pili ni kuishi karibu na msiba. Kabla ya kumhudumia mgonjwa, timu husoma maelezo ya polisi na taarifa za uchunguzi wa mwili wa marehemu. Mara nyingi mtu mwenye maradhi makali ya akili anapoua, aliyeuawa huwa ni mtu wa karibu: mama, mke, mtoto, jirani. Mtumishi anayesoma maelezo hayo usiku ndiye anayempelekea mgonjwa uji asubuhi na kumwita kwa jina lake kwa heshima. Baada ya majuma au miezi ya matibabu, fahamu za mgonjwa hurejea, naye huuliza mama yake yuko wapi. Mtu wa kuwepo wakati jibu linapotolewa, na wa kukesha naye ili asijitoe uhai kwa majuto, ni mtumishi wa zamu. Wataalamu huita athari ya kupokea maumivu ya wengine kwa muda mrefu kiwewe cha pili. Mtumishi hakuwepo siku ya tukio, lakini tukio humfuata nyumbani, katika ndoto, katika hofu isiyo na sababu na katika kushindwa kuwaacha watoto wake peke yao hata kwa saa moja.

Sura ya tatu ni vurugu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hupata shambulio la kimwili katika kipindi fulani cha maisha yao ya kazi, na wengi zaidi hutishwa au kutukanwa. Takwimu hizo ni za sekta nzima ya afya. Wodi za magonjwa ya akili hutambulika kuwa miongoni mwa maeneo yenye hatari kubwa. Ni muhimu kusema bila utata kwamba watu walio wengi wenye magonjwa ya akili si wakatili, na kwamba wao wenyewe huonewa zaidi kuliko wanavyoonea. Lakini wodi inayopokea watu kwa amri ya Mahakama hukusanya mahali pamoja wale wachache ambao ugonjwa wao uliambatana na madhara. Kwa mtumishi, pigo lenyewe mara nyingi si sehemu ngumu zaidi. Ugumu huanza kesho yake, anapotakiwa kumhudumia aliyempiga kwa sauti ile ile ya upole, huku akijua kwamba hakukusudia na kwamba anaweza kurudia.

Sura ya nne ni muda usiojulikana mwisho wake. Mfungwa anaijua tarehe yake ya kutoka. Mgonjwa aliyewekwa chini ya uangalizi kwa sababu ya ugonjwa wa akili haijui, kwa kuwa kutoka kwake kunategemea afya yake, taarifa za wataalamu na uamuzi wa mamlaka husika. Huuliza kila siku, naye anayeulizwa ni muuguzi, mtu asiye na mamlaka ya kujibu. Hata amri ya kutoka inapopatikana, wapo ambao familia zao hazitaki kuwapokea, ama kwa hofu, ama kwa sababu aliyeuawa ni wa familia hiyo hiyo. Mtumishi hubaki akimtazama mtu aliyepona akizeeka wodini. Anajua kilicho sahihi na hana uwezo wa kukitekeleza, na uchungu wa hali hiyo ni wa namna yake: dhamiri inaumia ingawa mwenyewe hajafanya kosa.

Sura ya tano ni unyanyapaa. Katika mazungumzo ya mitaani, jina la Mirembe limekuwa neno la utani la kumtania anayesema jambo la ajabu. Utani huo humwumiza mgonjwa kwanza, lakini humfikia mtumishi pia. Wapo wanaoulizwa na jamaa zao kama nao hawajaanza "kuambukizwa". Matokeo yake ni kinyume cha inavyotarajiwa: mtu anayezijua dalili za sonona kuliko jirani yeyote huwa wa mwisho kukiri kwamba anazo. Anahofia kuonekana hafai kwa kazi, na anahofia kutibiwa na wenzake anaokula nao chakula cha mchana.

Yote haya yanabebwa na watu wachache. Atlasi ya Afya ya Akili ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilionesha kwamba nchi zenye kipato cha chini zina wastani wa watumishi wa afya ya akili wasiofikia 2 kwa kila watu 100,000, ilhali nchi zenye kipato cha juu zina zaidi ya 60. Pale ambapo watumishi ni wachache, mmoja akiugua au akienda likizo, zamu yake humwangukia aliyebaki, na aliyebaki huanza kuhesabu siku zake mwenyewe.

Uchovu unapogeuka kuwa hatari

Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu mkali unaotokana na kazi kuwa hali ya mazingira ya kazi, wala si ugonjwa. Unatokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo, na una alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kifikra na kazi au kuidharau, na kupungua kwa ufanisi. Ufafanuzi huu una uzito wa kiutawala. Unahamisha swali kutoka "mtumishi huyu ana kasoro gani?" kwenda "kazi hii imepangwaje?"

Katika wodi ya kimahakama, kila moja ya alama hizo ina tafsiri ya vitendo. Kuishiwa nguvu humaanisha ukaguzi wa usiku kufanywa kwa kupitia mlangoni badala ya kuingia ndani. Kujitenga humaanisha mgonjwa kuitwa kwa kosa lake badala ya jina lake. Kupungua kwa ufanisi humaanisha daftari lenye neno moja.

Usalama wa taasisi za namna hii husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni majengo: kuta, milango na funguo. Ya pili ni taratibu: ukaguzi, kuhesabu vifaa na kusindikiza wagonjwa. Ya tatu ni mahusiano, yaani ujuzi alionao mtumishi kuhusu mgonjwa wake na hali ya wodi. Anajua kwamba fulani anaponyamaza siku mbili kuna jambo, au kwamba barua kutoka nyumbani humvuruga mwingine. Nguzo mbili za kwanza zinaweza kujengwa kwa saruji na waraka. Ya tatu imo ndani ya kichwa na moyo wa mtumishi, na ndiyo ya kwanza kuporomoka anapochoka. Ukuta unaweza kuwa imara huku usalama ukiwa umekwisha kuvuja.

Gharama hii ina upande wa uchumi pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopitiliza, hasara inayokaribia Dola za Marekani trilioni 1 katika uzalishaji. Kwa nchi inayosomesha daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili kwa miaka mingi, kumpoteza kwa sababu ambazo zingeweza kuzuilika ni hasara ambayo bajeti ya mwaka mmoja haiwezi kuifidia.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inamtaka mwajiri kuhakikisha kwamba mahali pa kazi hapahatarishi afya ya mfanyakazi. Kwa desturi, hatari hizo zimefikiriwa kwa sura ya mashine, kemikali, vumbi na kelele. Hata hivyo, ubongo nao ni sehemu ya mwili, na kazi inayouumiza ni hatari ya kazini kama zilivyo hatari nyingine. Vilevile Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaohudumia sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara, umewekwa kwa ajili ya anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Ili mfumo huo umfikie mtumishi wa wodi, tukio lazima liripotiwe. Pigo ambalo halikuandikwa popote, kwa kuwa "ni kawaida ya kazi yetu", kiutawala halikutokea.

Kimataifa, mwelekeo ni huo huo. Mwezi Septemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo kuhusu afya ya akili kazini na, kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani, likatoa waraka wa sera kwa serikali na waajiri. Miongozo hiyo inapendekeza kubadilisha kwanza mazingira ya kazi, kuwafundisha wasimamizi kutambua msongo wa walio chini yao, na kumsaidia anayeugua kubaki kazini au kurejea. Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa kila Oktoba 10, ilibeba mwaka 2024 ujumbe wa kuipa kipaumbele afya ya akili mahali pa kazi.

Wapo wanaosema kwamba mtumishi aliichagua kazi hii, analipwa mshahara, na kwamba kuna mahitaji ya dharura zaidi kama dawa na majengo. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani fedha za umma zina mipaka. Lakini inasahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba dawa haijimezeshi na taarifa ya mahakamani haijiandiki. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya hatua zinazosaidia haihitaji fedha nyingi kama inavyohitaji mpangilio.

Hatua zinazosaidia na zisizosaidia

Hatua ya kwanza ni ratiba. Zamu zisizozidi kiasi, mapumziko yanayoheshimiwa, na likizo ambayo haikatishwi kwa simu, ni kinga kubwa kuliko semina ya siku moja kuhusu namna ya kukabiliana na msongo. Kumfundisha mtu kuvumilia mzigo ambao ungeweza kupunguzwa ni kumhamishia lawama.

Hatua ya pili ni namna ya kuendesha wodi. Nchini Uingereza, watafiti wakiongozwa na Len Bowers walibuni mpango uitwao Safewards, wenye hatua 10 rahisi: kukubaliana na wagonjwa kuhusu matarajio ya pande zote, kuchagua maneno ya upole pale mtumishi anapolazimika kukataa ombi, kuwatuliza wote baada ya tukio la kutisha, na nyingine za aina hiyo. Jaribio lililofanyika katika wodi 31 za hospitali 15, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, lilionesha kwamba matukio ya migogoro yalipungua kwa asilimia 15, na matumizi ya hatua za kuwadhibiti wagonjwa yalipungua kwa asilimia 26.4. Wodi hizo zilikuwa za wagonjwa wa kawaida wenye hali kali, si za kimahakama, na mazingira ya Uingereza si ya Dodoma. Hata hivyo somo lake linavuka mipaka: wodi tulivu humlinda mtumishi na mgonjwa kwa pamoja, na utulivu hujengwa kwa maneno na taratibu kabla ya kujengwa kwa nguvu.

Hatua ya tatu ni huduma baada ya tukio. Hapa tahadhari inahitajika. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kuwakusanya watumishi wote mara tu baada ya tukio na kuwataka wasimulie walichokiona huwakinga na kiwewe. Mapitio ya tafiti yameonesha kwamba kikao kimoja cha lazima cha namna hiyo hakizuii kiwewe cha kudumu, na kwa baadhi ya watu kinaweza kuongeza madhara. Kinachofaa zaidi ni msaada wa vitendo kwanza: kumtibu aliyeumia, kumpeleka nyumbani, kuijulisha familia yake na kumpunguzia zamu. Kisha afuatiliwe kwa majuma yanayofuata, na apate tiba ya kitaalamu mapema iwapo dalili zitaendelea.

Hatua ya nne ni mahali pa kusemea. Kila mtumishi anahitaji mtaalamu mwenye uzoefu anayekutana naye kwa ratiba inayojulikana, kuzungumzia wagonjwa wanaomlemea. Kikao hicho kisiwe cha nidhamu, wala kisiandikwe katika jalada lake la utumishi. Anayehitaji matibabu apate njia ya kutibiwa nje ya kituo anachofanyia kazi, na siri yake ilindwe kama ya mgonjwa mwingine yeyote.

Hatua ya tano ni mzunguko wa watumishi, nayo ina mgongano wa kweli ndani yake. Kumhamisha mtu kutoka wodi nzito kwenda nyepesi humpumzisha. Lakini nguzo ya mahusiano hujengwa kwa muda, na anayehamishwa huondoka na ujuzi ambao hakuna jalada linaloweza kuuhifadhi wote. Wodi inayobadilisha watumishi wake wote kwa waraka mmoja inaweza kuwapumzisha na papo hapo kuifanya kuwa ya hatari zaidi. Busara ni kuhamisha wachache kwa awamu, anayeingia akifanya kazi bega kwa bega na anayetoka mpaka awajue wagonjwa.

Nafasi ya vyombo vya haki, familia na jamii

Hospitali peke yake haiwezi kuubeba mzigo huu. Jalada linalomfikia daktari likiwa kamili, lenye maelezo ya mashahidi kuhusu mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio, hupunguza muda wa uchunguzi na kuongeza uhakika wa taarifa. Jalada lenye ukurasa mmoja humwacha daktari akikisia, na kukisia juu ya uhai na uhuru wa mtu ni msongo wa aina yake. Shauri linaporejea mahakamani kwa wakati, na mamlaka inapotoa uamuzi wake bila kuchelewa, muuguzi hupata jibu la kumpa anayemuuliza kila asubuhi.

Familia nazo zina sehemu. Kumtembelea mgonjwa, kushirikiana na afisa ustawi wa jamii, na kuandaa mapokezi yake anapopona, hata ikiwa ni kwa jamaa wa mbali na eneo la tukio, humwondolea mtumishi jukumu la kuwa ndugu pekee wa mtu asiye na ndugu. Hofu ya familia ni ya kweli na haipaswi kubezwa. Ndiyo maana mtu aliyeruhusiwa anahitaji kuendelea na dawa na kufuatiliwa na kituo cha afya cha karibu, ili familia isiachwe peke yake kama ambavyo mtumishi hakupaswa kuachwa peke yake.

Na jamii inaweza kuanza na ulimi. Kila jina la hospitali ya magonjwa ya akili linapogeuzwa kuwa tusi, kijana mmoja zaidi aliyetaka kusomea uuguzi wa afya ya akili hubadilisha mawazo yake, na mgonjwa mmoja zaidi huchelewa kupelekwa kutibiwa mpaka ugonjwa umfikishe mahakamani.

Ni haki pia kueleza upande mwingine. Wengi wanaofanya kazi hii hawaioni kuwa adhabu. Wapo wanaosema hakuna ridhaa inayofanana na kumwona mtu aliyeletwa amefungwa pingu, asiyejua jina lake, akiketi baada ya miezi na kumwandikia barua dada yake. Ridhaa hiyo ni hazina ya taifa kama ilivyo majengo na dawa, na kama hazina nyingine, huisha ikitumiwa bila kurudishiwa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama kutoka nje ya uzio, kazi ya kumtunza mgonjwa aliyeletwa na Mahakama huonekana nyepesi au haionekani kabisa. Lakini siku shauri litakapoitwa tena, hakimu atakapofungua taarifa ya daktari, na pande mbili zilizoumizwa na tukio moja zitakapoketi kusikiliza, kitakachosomwa kitategemea muuguzi mmoja wa zamu ya usiku: kama alikuwa na nguvu ya kutazama, na utulivu wa kuandika alichokiona.